Mwendo wa Zabroni

Mlango wa nyumba yetu ulikuwa ukimkaribisha marehemu baba kila siku jioni, na mimi nilikuwa nauchukia mlango ule kuliko kitu chochote pale nyumbani.

Siku hiyo nilikuwa jikoni nachambua maharage ya makande niliposikia hatua zake kwenye ngazi za mawe. Ta, kimya kidogo, kisha tu, zito. Mguu wa kushoto ulitua kwa ubavu wa nje, kwa woga, na wa kulia ukadondoka haraka kumwokoa mwenzake. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, sioni kitu dirishani, nasikia tu. Ta, kimya, tu. Hatua zilifika kizingitini, na ile sauti laini ya mlango, sauti ya mwanamke wa mjini ambaye hajawahi kubeba ndoo, ikasema, "Karibu nyumbani, Zabroni."

Mama yangu akaingia.

"Asante," akaujibu mlango, kama kawaida yake. Akatua kikapu cha tangawizi, akakaa kwenye kigoda, akalishika goti la kulia kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Goti hilo."

"Lina nini?"

"Umelishika."

"Ni langu. Nikitaka kulishika nalishika." Akavuta sinia la maharage kutoka kwangu na kuanza kuchambua yeye, maana siku zote huamini mimi huacha mawe. "Baba yako leo alichoka njiani. Pale kwa Wamsuya alisimama, akakataa kabisa kwenda. Ikabidi nimbembeleze."

Baba yangu, Zabroni Mrutu, alikuwa na miaka miwili kaburini.

Nikaangalia miguu yake. Alikuwa amevua makubazi, na zile soli mbili za kijivu zilikuwa zimelala sakafuni zikitoa mvuke kidogo, zina joto la mguu bado. Zilikuwa zinapumua, au mimi ndiye niliyekuwa naona hivyo kwa uchovu.

*

Mtu akiniuliza kazi yangu, nasema mimi ni fundi soli, naye hufikiri nagonga misumari kwenye viatu. Basi nieleze mara moja nisirudie.

Mji wetu uko juu milimani Upareni, na hauna barabara. Zamani ilikuwepo, mlima ukaimeza mara tatu, mara ya nne watu wakakata tamaa na kujenga ngazi. Sasa kila kitu ni ngazi. Ngazi za shule, za kanisa, za msikiti, za shamba. Wenyeji wa bondeni hutuita watu wa Ngazini, na sisi tumelikubali jina. Huku anayeweza kutembea anaishi, na asiyeweza anahamishiwa bondeni, kwenye joto na vumbi, akapewe chumba na kiti cha magurudumu. Wanatunzwa vizuri huko, sikatai. Ila sijaona mtu wa milimani aliyepelekwa akamaliza miaka miwili akiwa bado anaongea kwa furaha.

Ndiyo maana soli zilipokuja tulizipokea kwa mikono yote. Ni kipande chembamba, kinanyumbuka, kinatosha mguu wa mtu yeyote. Ndani yake mna nyuzi zinazokaza na kulegea. Zinahisi unavyokanyaga, kisigino kwanza au vidole kwanza, ndani au nje, na zinajifunza. Baada ya miezi michache soli inaujua mwendo wako kuliko unavyoujua wewe. Siku ukiugua kiharusi, au ukizeeka, au ukichoka tu, nyuzi zinausukuma unyayo taratibu na kuikumbusha misuli yako jinsi ulivyokuwa ukitembea. Nimeona wazee waliokuwa wakiburuta mguu wakipanda tena kwenda kanisani.

Milango ikaja baadaye. Mtu haibiwi mwendo kirahisi, basi wakaacha funguo na kutega jamvi jembamba chini ya mawe ya mlangoni, mlango ukutambue kwa hatua. Wezi nao si wajinga, wakaanza kunakili soli za watu. Serikali ikakaza: soli moja, kumbukumbu moja, hainakiliwi, haihamishwi. Ukiifuta imefutika. Na fundi haruhusiwi kuigusa bila dole gumba la mwenyewe kwenye fomu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza tuliyofundishwa, na ndiyo niliyowafundisha waliokuja baada yangu, kwa ukali.

Sasa huku kwetu ikazuka desturi ambayo waliotengeneza soli hawakuiwaza. Mtu akifa, siku ya tatu baada ya mazishi, aliyekuwa karibu naye kuliko wote anavaa soli za marehemu. Anamtoa mlangoni, anamsindikiza hadi njia panda, kama unavyomsindikiza mgeni. Watu wanafuata nyuma kimya. Ukifika njia panda unasimama. Unasema la kusema. Unavua soli, unarudi pekupeku, na soli zinaletwa karakana kwetu, tunazifuta, anapewa mwingine.

Mama alimsindikiza baba vizuri tu. Alifika njia panda, akasimama. Tukasubiri. Manyunyu yakaanza, mchungaji akakohoa, tukaendelea kusubiri. Kisha mama akageuka, soli zikiwa miguuni, akarudi nyumbani akichechemea kwa mguu wa baba, na mlango ukasema, "Karibu nyumbani, Zabroni."

Hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Walisema mpeni muda. Na mimi, fundi mzima, nilisema hivyo hivyo.

*

Ilinichukua wiki mbili kumpeleka karakana. Nilimdanganya kwamba tuna jamvi jipya na tunatafuta watu wa kulijaribu. Alijipamba, akavaa kanga zake za kupokelea wageni. Sefu Kadeghe ni fundi mwenzangu, mdomo hauna breki, lakini mikono yake ni ya dhahabu.

"Mama Nanzia, tembea tu kama unakwenda harusini," Sefu akamwambia.

Mama akatembea kwenye jamvi, hatua kumi kwenda, kumi kurudi. Ukutani picha ya nyayo zake ikawaka, buluu mahali pepesi, nyekundu mahali pa mzigo. Sefu akaacha kutania.

Baba alivunjika kifundo cha mguu wa kushoto akiwa kijana, chini ya gunia la tangawizi, na mfupa ukaunga vibaya. Alijifunza kutua kwa ubavu wa nje wa mguu ule na kuuondoa haraka, huku goti la kulia likiingia ndani kidogo kubeba mwili wote kwa ile nusu ya pumzi. Ni mwendo mbaya, lakini ulikuwa wake. Kwa miaka arobaini nyonga yake ilijipanga upya, misuli ikanenepa panapohitajika, upinde wa unyayo wake ulikuwa mrefu na mgumu, unahimili. Mama unyayo wake ni bapa, mpana, laini. Mguu wake wa kushoto ni mzima kabisa, haujawahi kuumia hata siku moja. Soli ilikuwa ikiuambia mguu mzima uogope, na goti la kulia lilipe.

Kisha nikamwonyesha picha ya goti lenyewe. "Mama, gegedu ya upande huu inakwisha. Angalia hapa, mifupa imekaribiana. Ukiendelea hivi, mvua za mwakani hutapanda ngazi. Watakuja na machela wakupeleke bondeni."

Aliangalia picha kwa utulivu, kama anaangalia picha ya jirani.

"Na hizi soli?"

"Tuzifute, mama. Au uzivue tu, uvae zako. Goti halitarudi kama zamani, lakini litatulia. Utatembea."

Nje ukungu ulikuwa ukiingia kwa mlango uliokuwa wazi, ukitambaa chini ya meza zetu.

"Alipokuwa hai," akasema, "alitangulia mbele, mimi nyuma na mzigo. Miaka arobaini na moja nimeona mgongo wake. Sikujua ngazi ya tatu kutoka kisimani inamuuma. Hakusema. Sasa nikifika ngazi ile nahisi anasita. Humu, kwenye wayo. Anasita, anajikaza, anapanda. Ndiyo kwanza tunatembea pamoja, Nanzia." Akainama kuvaa makubazi. "Bondeni nitakwenda naye. Wewe usinigusie mume wangu."

Sefu alinitazama, na mimi nikatazama dari.

*

Niseme ukweli: sikulala na wazo lile hata siku tatu. Watu wakisimulia makosa yao hujifanya walihangaika mno. Mimi nilihangaika siku mbili, ya tatu nikafanya.

Kuna kazi tunaiita kuchuja. Mgonjwa wa kiharusi akipata nafuu humwondolei msaada wa soli kwa mkupuo, ataanguka. Unapunguza sehemu nne katika mia, unampumzisha, unapunguza tena. Nafasi inayobaki tupu inajifunza upya kutoka kwenye mguu wake mwenyewe. Mguu hauna habari.

Mama hulala mchana baada ya chakula, saa nane hadi saa tisa, soli akiziacha karibu na mafiga zikauke. Jumamosi ile nilichukua soli, nikaziweka mezani, nikafungua kishikwambi changu. Fomu ikatokea kama inavyotokea siku zote. *Mwenye soli anaridhia?* Nikaweka dole gumba langu. Ndugu wa karibu anaruhusiwa kama mwenyewe hajiwezi, na mama alikuwa akijiweza kuliko mimi. Nilisikia akikoroma chumbani. Nikapunguza nne.

Mstari mmoja mdogo kwenye kioo ulififia na kupotea. Hizo nne zilikuwa nini? Labda namna alivyogeuka kuniangalia nikichelewa nyuma, au alivyokanyaga siku ana furaha. Sijui. Soli haisemi. Nilizirudisha mafigani, nikaosha vyombo kwa kelele nyingi bila sababu.

Nikafanya hivyo kila Jumatano na kila Jumamosi.

*

Mwezi wa pili mama akaanza kuimba.

Si kwa nguvu, ni kule kunong'ona wimbo wa kanisani huku anamenya tangawizi na kuipanga vipande kwenye mkeka. Goti halishiki tena. Asubuhi nikiamka namkuta ameshateka maji na kurudi. Nilijisifu moyoni, nikajiona fundi kweli kweli. Kisha Jumapili moja, tukiwa barazani tunakunywa chai, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa habari za mtoto kufaulu mtihani.

"Baba yako anapona."

Chai ikanipalia. "Anapona nini?"

"Mguu. Huo wa kushoto. Sikutaka kusema mapema nisije nikaharibu. Lakini jana pale kisimani, ngazi ya tatu, hakusita. Alipita moja kwa moja." Akacheka peke yake. "Huko aliko wameuvunja ule mfupa wakauunga vizuri. Nilimwambia tangu kijana akauungishe upya, akakataa, anaogopa hospitali. Sasa ametulia, wamemkamata."

Alikuwa amepumzika usoni. Makunjo ya maumivu yaliyokuwa kati ya nyusi zake yalikuwa yamefutika, na ukungu wa asubuhi nyuma yake ulikuwa mweupe umejaa jua, na kwa kitambo nilimwona jinsi baba alivyomwona kabla mimi sijazaliwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu, ningeweza kumaliza chai mbili.

"Ni jambo jema, mama," nikasema.

Niliona aibu, na niliona furaha, na vyote vilikuwa vya kweli. Nilijiambia kwamba simdanganyi, ni yeye aliyejitungia, mimi nimenyamaza tu. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo tiba kamili, goti limepona na moyo umepona, nani amedhurika?

Alhamisi nikapata jibu. Mama Eliwaza, jirani yetu wa ngazi za juu, alikuwa amefiwa na mumewe wiki iliyopita. Soli zililetwa karakana baada ya kusindikizwa, zimefungwa kwenye leso safi. Sefu alikuwa ameshazifungua mezani mama yule alipoingia akihema.

"Nirudishieni," akasema.

"Mama Eliwaza, pole na msiba," nikamwambia. "Mumeo tumeshamsindikiza vizuri. Hizi zinakwenda kwa mzee wa..."

"Mama yako kanieleza. Mume wangu alikuwa na nyonga mbaya, Nanzia, unajua mwenyewe, alikuwa akilia usiku. Kama wa kwenu anapona kwa kutembezwa, na wangu atapona. Nitamtembeza mimi." Alikuwa na mwili mwembamba na miguu kama ya ndege. Mwendo wa marehemu ule, mzito, wa kuyumba upande kwa upande, ungemvunja kabla ya mwaka kwisha.

Sefu akanitazama. Alikuwa ameshajua, fundi hashindwi kuona soli iliyochujwa ikipita mlangoni. "Mwambie," akasema taratibu. "Mwambie, bosi wangu, au nimwambie mimi?"

Sikumwambia. Nilimdanganya kwamba soli zimeshafutwa. Mama Eliwaza aliketi kwenye benchi letu akalia kilio kidogo cha kujizuia, na Sefu akaichukua ile leso, akaikunja, akampa. Kutwa nzima Sefu hakunitania hata mara moja.

*

Jumamosi ilikuwa mara ya kumi na saba. Zilibaki sehemu thelathini na mbili za baba. Niliazimia nitamalizia kisha nitasema, au nitasema kisha nitamalizia, sikumbuki nilichoazimia, maana nilikuwa naazimia kila siku jambo jipya.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu saa sita, ile mvua yetu ya juu isiyo na ngurumo, inayoshuka polepole na kukaa. Nilitoka kazini mapema. Nikiwa chini ya ngazi zetu nilisikia hatua. Ta, kimya, tu. Kisha tena. Ta, kimya, tu. Zilikuwa za baba kabisa, zimekamilika, mia kwa mia, na mimi nilijua kwa hesabu zangu mwenyewe kwamba haziwezi kuwepo tena duniani.

Nikapanda. Ukungu ukafunguka.

Mama alikuwa mlangoni, amelowa chepechepe, kanga imemganda mgongoni. Alikuwa akitembea juu ya yale mawe matatu ya mlangoni, kwenda na kurudi. Alikuwa akichechemea kwa makusudi. Anaulaza mguu wa kushoto kwa ubavu, anaviringisha kifundo, anadondosha wa kulia, anasimama kusikiliza.

"Samahani," mlango ukasema kwa upole ule ule. "Sikutambui."

Akageuka, akaanza upya.

"Mama."

"Subiri, nimemkosea hapa kwenye kisigino," akasema bila kunitazama. Meno yalikuwa yakigongana. "Tangu saa saba mlango unanikataa. Nilidhani amepona sana ndiyo maana haumjui. Sasa namfanya alivyokuwa zamani, nao hautaki. Nanzia, wewe unamkumbuka, alikuwa analaza hivi, au hivi?"

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Nikamkalisha kwenye jiwe, mvua ikitunyeshea wote wawili, kwa sababu nilijua nikishafungua mlango kwa mguu wangu, tukaingia kwenye joto, sitasema tena maisha yangu yote.

"Mama, hakupona. Ni mimi. Nimekuwa nikimpunguza."

Akanitazama.

"Kila Jumatano na Jumamosi, ukilala. Nne nne. Nilitaka goti lako... mama, ungepelekwa bondeni. Nilifanya ili usipelekwe."

"Kumpunguza," akasema, kama anajifunza neno la kigeni. "Amebaki kiasi gani?"

"Thelathini na mbili. Katika mia."

"Na hizo nyingine umeziweka wapi?"

"Hazikai popote, mama. Zimekwisha."

Hakulia wala hakunipiga, na ningependa angenipiga. Alikaa akiitazama miguu yake muda mrefu, matone yakimdondoka kidevuni.

"Siku ile ya ngazi ya tatu," akasema hatimaye. "Hakusita. Nikaimba njia nzima. Nikaenda kumwambia Mama Eliwaza, nikamwambia mchungaji. Kumbe hakusita kwa sababu hakuwepo." Akapumua. "Umemzika baba yako mara ya pili, Nanzia. Kidogo kidogo, miezi miwili, na mimi nilikuwa ndani ya nyumba nimelala. Hukuniamsha nikaage."

"Ungekataa."

"Ningekataa," akakubali. "Ingekuwa haki yangu kukataa. Goti ni langu, mume ni wangu. Wewe chako kilikuwa nini humo?"

Nilikuwa na jibu. Nilitaka kusema: mama ni wangu. Lakini nikaona kwamba hata hilo nililitumia vibaya.

*

Siku mbili hakuzungumza nami. Alipika, tulikula, alinipa chumvi nilipoitafuta kwa macho. Soli hakuzivaa. Alitembea pekupeku ndani, akikanyaga kwa uangalifu, kama mtu aliyehamia nyumba mpya hajui vitu viko wapi.

Siku ya tatu, asubuhi, niliinua kichwa kutoka mezani karakana na kumwona amepanga foleni. Mbele yake kulikuwa na watu wanne. Sefu alimkimbilia apite mbele, akakataa. Alisubiri zamu yake. Ilipofika akaziweka soli mezani, zimefungwa kwenye leso safi.

"Habari za kazi, fundi," akaniambia.

Miaka thelathini na sita alikuwa akiniita mwanangu, au Nanzia, au akinikasirikia sana, binti Mrutu. Fundi hakuwahi.

"Nzuri, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Zifute."

Niliifungua leso. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo tofauti kabisa. Siku mbili nilikuwa nimepiga hesabu, na nikasogeza kioo akione. "Mama, si lazima. Nimepima. Thelathini na mbili goti lako linaweza kuzihimili. Utasikia maumivu kidogo kwenye ngazi ndefu, siku za baridi, basi. Unaweza kukaa naye hivyo hivyo mpaka mwisho. Sitagusa tena. Naapa."

Alikitazama kioo, ile michoro ya nyuzi, mistari michache iliyobaki ikipanda na kushuka.

"Hii hapa," akauliza akiweka kidole, "ni yeye?"

"Ni yeye."

"Si mguu wangu uliojaza?"

Ukweli ni kwamba vikishachanganyika hakuna fundi anayeweza kuvitenga. Nyuzi hazina jina. "Sehemu kubwa ni yeye," nikasema.

"Hujui."

"Sijui, mama."

"Na mimi sijui. Juzi usiku nilizivaa kitandani, nikakanyaga ukuta taratibu. Nikahisi kitu kinasita. Nikasema huyo. Halafu nikajiuliza, huyo, au ni mkono wa Nanzia? Nikakaa hadi asubuhi najiuliza." Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Ungeniachia yeye mzima na goti bovu, ningejua nina nani. Sasa hata hicho kidogo siwezi kukiamini. Zifute. Na dole gumba naweka mwenyewe."

Nikamgeuzia fomu. Aliisoma yote, neno kwa neno, kwa sauti ndogo, watu wa foleni wakisubiri. *Mwenye soli anaridhia?* Akaweka dole gumba, akabonyeza kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika. Kioo kikawa cheupe. Sefu alisimama, na wale waliokuwa kwenye benchi wakasimama pia, hakuna aliyewaambia.

"Nani anazihitaji?" mama akauliza.

"Mwalimu mmoja wa shule ya juu," Sefu akajibu. "Amepata kiharusi. Ana watoto wadogo."

"Mpeni leo. Msizilaze." Akajifunga kanga vizuri. Mlangoni akageukia benchi, si kwangu. "Na Mama Eliwaza nitamweleza mwenyewe. Nilimwambia uongo, japo sikujua."

Akatoka pekupeku.

Nilivua koti la kazi, nikamwachia Sefu foleni, nikamfuata. Ukungu ulikuwa umesimama kwenye ngazi, mzito, na mbele yangu nilimwona mama akipanda. Visigino vyake vilitua kwanza, unyayo ukafuata wote, mpana, sawasawa, kushoto na kulia bila tofauti. Hakukuwa na kusita. Nilikuwa sijauona mwendo ule tangu tumzike baba, na ulikuwa mzuri, mwepesi, na ulikuwa wa mwanamke mmoja.

"Mama!" nikaita. "Nisubiri."

Miaka miwili mimi ndiye niliyekuwa nikimsubiri, kila kona, nikijifanya nafunga kamba za kiatu ili asione kwamba namsubiri. Hakugeuka. Sidhani alifanya kusudi. Labda hakusikia, labda alikuwa akiusikiliza mguu wake. Nikaongeza mwendo, nikazipanda ngazi mbili mbili, kifua kikiwaka. Nilizisikia hatua zake mbele yangu ndani ya weupe ule, imara, zikizidi kuwa ndogo, na sikuweza kumfikia.